Mgema Akisifiwa: Juu ya Heshima ya Mtunza Hesabu za Askari

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo, ukiziweka pamoja, huonekana kama zinagombana. Ya kwanza yasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Ya pili yasema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Ya kwanza yatuamuru tumpe zawadi mtu aliyefanya vyema mbele ya watu wake, ya pili yatuonya kwamba sifa yaweza kuiharibu kazi ile ile tuliyotaka kuisifu. Sisi walimu huzifundisha zote mbili, aghalabu katika juma moja, na mwanafunzi mwerevu akiuliza ni ipi iliyo ya kweli, humjibu kwamba kila methali ina mahali pake, kisha tukaendelea na somo.

Mwaka jana methali hizi ziligombana mezani pangu mwenyewe, hapa Arua, nami sikuweza kuendelea na somo. Walinijia wazee watatu kutoka Koboko, wote askari wastaafu, wakiwa na ombi dogo. Walitaka kumfanyia karamu mwenzao mmoja aliyekuwa karani wa mishahara jeshini kwa miaka mingi. Na kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha iliyowalea kambini, walitaka waraka wa sifa ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha, usomwe mbele ya watu, kisha utiwe katika fremu apewe mwenyewe. "Wewe ndiwe mwalimu wa lugha," wakaniambia. "Sisi Kiswahili chetu ni cha gwaride. Tutengenezee maneno." Nikakubali kwa furaha, nikidhani ni kazi ya jioni moja.

Ilinichukua majuma matatu. Niliandika mara ya kwanza, nikayasoma niliyoyaandika, nikakuta nimesema jambo moja tu kwa maneno mengi: kwamba mtu huyu hakuiba. Nikaandika mara ya pili, jambo likawa lile lile. Hapo nikaweka kalamu chini na kujiuliza swali ambalo ndilo asili ya makala haya. Je, yafaa mtu asifiwe kwa kutokuiba? Na ikiwa haifai, ni jambo gani hasa katika kazi ya mtunza fedha za askari linalostahili heshima ya watu?

Tuanze na hoja ya wanaokataa, maana si hoja nyepesi. Wao husema kwamba wajibu hauna zawadi. Mkunga hapewi nishani kwa kutokumwangusha mtoto, wala mwalimu hapigiwi makofi kwa sababu hakuuza mtihani. Ukimsifu mtu kwa kutimiza wajibu wake wa kawaida, umekiri kwamba wajibu umekuwa ajabu. Siku kijiji kitakapotoka kwa ngoma na vigelegele kumlaki mtu aliyerudisha jembe aliloazima, mgeni apitaye njia atajua papo hapo kwamba katika kijiji hicho majembe hayarudi. Kwa hiyo, wasema watu hawa, nishani ya uaminifu humtukana anayepewa, na huwatukana zaidi wenzake wasiopewa.

Tena wao huongeza onyo la mgema. Kazi ya hesabu ikishageuzwa kuwa mashindano ya tuzo, watu wataandika hesabu za kuwapendeza waamuzi wa tuzo. Wala mfano hauko mbali na ukweli. Huko Marekani, watumishi wa fedha katika wizara ya ulinzi hutunukiwa tuzo kila mwaka kwa kazi bora, na bila shaka wengi wao wamezistahili. Hata hivyo wizara hiyo hiyo, iliyoanza kukaguliwa hesabu zake zote kwa jumla mwaka 2018, ilishindwa kupata hati safi mwaka hadi mwaka, na ule wa 2024 ulikuwa mwaka wa saba mfululizo. Sisemi kwamba tuzo ndizo zilizosababisha kasoro hizo. Nasema tu kwamba karani mmoja mmoja aweza kuvishwa nishani huku nyumba nzima ikiwa haijui ina mikuki mingapi ghalani.

Hoja hizi zilinitia shaka kubwa, lakini upande wa pili nao una neno lake. Jeshi lolote huwaheshimu wanaoonekana. Uganda ina sheria ya nishani ya mwaka 2001, na katika nishani zake za kijeshi zimo zenye majina ya mto Katonga palipopiganwa vita, ya Mfalme Kabalega wa Bunyoro, na ya milima ya Rwenzori. Mto, mfalme na mlima: hivi vyote huonekana kwa macho. Hapana nishani yenye jina la daftari. Askari akimbeba mwenzake aliyejeruhiwa chini ya risasi, wote huona. Lakini karani akiandika vyema usiku kucha, kinachotokea asubuhi ni kwamba hakuna lililotokea: askari wamepokea mshahara, wamekula, wamelinda lindo lao, na hakuna aliyenung'unika. Kazi hii ikifanywa vizuri haionekani, na ikifanywa vibaya yaonekana kwa damu.

Neno "damu" sikulitumia ovyo. Wasomaji wa makamo wanakumbuka kufundishwa habari za Januari 1964, wakati majeshi matatu ya Afrika Mashariki yalipoasi katika juma moja: Tanganyika tarehe 20, kisha Uganda huko Jinja tarehe 23, na Kenya huko Lanet siku iliyofuata. Askari walidai mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Aliyekwenda Jinja kuzungumza nao alikuwa Felix Onama, Waziri wa Mambo ya Ndani, mwana wa huku huku West Nile. Askari walimzuia mpaka akakubali mishahara ipandishwe. Serikali changa tatu zilitikisika, na majeshi ya Uingereza yakaitwa kurudi katika nchi zilizokuwa zimetoka tu kuyaaga. Historia yetu ingeweza kufuata njia nyingine kama wenye mamlaka wangelitazama daftari la mshahara mapema, kwa jicho lile lile walilotazamia bendera mpya.

Hivyo nikabaki katikati. Wanaokataa wana haki, na wanaokubali wana haki. Nikaona kwamba kosa langu ni kuandika juu ya mtu nisiyemjua, nikapanda gari siku ya Jumamosi nikashika barabara ya Maracha kwenda Koboko kumwona mwenyewe.

Nilimkuta ameketi chini ya mwembe uani kwake, anachambua maharagwe. Ni mzee mkimya, mwenye mwandiko mzuri mno. Niliuona ukutani mwa nyumba yake, alipoandika kwa chaki tarehe za kuzaliwa za wajukuu. Nikamweleza shida yangu. Akacheka kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, usiandike kwamba sikuiba. Ukiandika hivyo watu wataanza kujiuliza kwa nini umelitaja. Andika kwamba majina yangu yalikuwa sahihi."

Nikamuuliza, majina gani?

"Majina ya askari. Wewe wadhani kazi yangu ilikuwa noti. Noti hata mtoto huhesabu. Kazi ngumu ya karani wa mishahara ni kumfuta aliyekufa."

Akanieleza pole pole, kama mtu anayetoa somo, na naomba niyasimulie maneno yake kwa kadiri ninavyoyakumbuka. Habari ya kifo, alisema, hufika kambini kabla ya karatasi yake. Karani anajua kwamba fulani amekufa. Juzi walikula pamoja. Lakini jina la marehemu lingali katika orodha, na mwisho wa mwezi mshahara wake utakuja pamoja na mishahara mingine. Hapo hutokea mtu mwenye cheo akamwambia karani, "Mwache kwanza, mpaka karatasi ifike." Sauti ya mtu huyo ni ya huruma, kwa maana kufuta jina la rafiki siku ile ile ya msiba ni jambo gumu kwa kila mwanadamu. "Lakini, Mwalimu," akasema mzee, "mwezi wa kwanza ni huruma. Mwezi wa pili ni usahaulifu. Mwezi wa tatu ni biashara."

Kisha akanyamaza, akatupa maharagwe mabovu, akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiri kamwe. "Na huko kijijini yuko mjane. Yeye hawezi kuanza kudai chochote, kwa sababu kwa serikali mumewe yu hai na bado anakula mshahara. Ukimwacha marehemu katika orodha, umemla yeye, na umewala na watoto wake. Mimi nilikuwa nikifuta siku ile ile. Nikishafuta, naandika barua ya mjane usiku ule ule. Walisema sina moyo."

Nilirudi Arua jioni ile nikiwa na daftari tupu na kichwa kilichojaa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta sifa za mtu mwaminifu kwa fedha, nami nimekutana na mtu aliyekuwa mwaminifu kwa watu, walio hai na waliokufa, na fedha ilikuwa ni alama tu ya uaminifu huo.

Ndugu walimu, lugha yetu ililijua jambo hili kabla yangu. Tuna neno "hesabu," tulilolipokea kutoka Kiarabu, nasi hulitumia kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine zimeyatenga. Mtoto wa darasa la kwanza hufanya hesabu ya kujumlisha; na siku ya Kiyama kila mtu atatoa hesabu ya matendo yake. Hatukuona haja ya kutafuta neno la pili. Vivyo hivyo "amana," "imani" na "mwaminifu" ni ndugu wa tumbo moja. Hata neno "posho" lina historia yake huku kwetu. Kwa Waswahili wa pwani posho ni mgao wa chakula au fedha apewao mtumishi. Huku Uganda posho ni sima yenyewe iliyo katika sahani, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliokuwa mgao wa askari na wa vibarua. Kwetu, basi, hesabu ya askari na chakula cha mtoto vimekuwa neno moja. Anayeiba posho, kwa lugha ya Uganda, amepokonya tonge.

Tazameni tena lile neno la kisasa, "hewa." Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipohakiki orodha za mishahara yake na kufuta majina zaidi ya 10,000, watu wote walijua kuwaita "wafanyakazi hewa." Katika Kiingereza watu wa namna hii huitwa mizimu. Naona neno letu ni la haki zaidi. Mzimu, kwa mila za babu zetu, ni mtu: ana jina, ana ukoo, hukumbukwa na kuheshimiwa. Askari hewa hana hata hilo. Ni jina lililonyang'anywa mwenyewe na kuvishwa tamaa ya mtu mwingine.

Nasi wa West Nile hatuwezi kulitaja neno hili kama watu wanaosikia habari za mbali. Mwaka 2003 jeshi la Uganda lilichunguzwa kwa sababu ya askari hewa, na mwaka huo huo Meja Jenerali James Kazini aliondolewa katika ukuu wa jeshi. Machi 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa kuisababishia serikali hasara kwa njia ya askari hewa, ikamhukumu kifungo cha miaka 3. Yeye hakuikubali hukumu hiyo, akakata rufani, na mauti yakamkuta Novemba 2009. Simtaji ili nimhukumu mara ya pili. Mahakama ilikwisha sema, naye amekwisha kwenda mbele ya hesabu iliyo kubwa zaidi. Namtaja kwa sababu brigedi iliyohusika katika kesi ile ilikuwa ya 409, nayo ilikuwa hapa kwetu.

Tufikiri maana yake kwa mwananchi. Katika miaka ya 1990 waasi wa West Nile Bank Front walikuwa wakivuka mpaka na kuyavamia maeneo yetu. Mapatano na kundi jingine, UNRF II, yalitiwa sahihi Yumbe Desemba 2002. Katika miaka ile, mama aliyelala na watoto wake karibu na mpaka aliamini kwamba mahali fulani gizani wako askari wanaomlinda. Nchi nzima iliamini hivyo, kwa kuwa karatasi ilisema hivyo. Lakini askari hewa hashiki lindo. Hasikii mlio wa risasi, wala haji ukipiga yowe. Kamanda anayepanga vita kwa orodha ya uongo huwatuma askari mia wakafanye kazi ya mia mbili, na wale mia walio wa kweli hufa kwa ajili ya mia wasiokuwapo. Kila jina la uongo katika orodha ya mishahara ni pengo katika ukuta wa mji, na pengo hilo halionekani mpaka adui apite.

Daftari la kweli, tena, humlinda hata yule anayeshukiwa. Tukumbuke tarehe 4 Februari 1966, Daudi Ocheng aliposimama Bungeni Kampala akiwa na nakala ya hesabu ya benki ya Kanali Idi Amin, mwana wa Koboko. Fedha zilizokuwa zimetiwa katika hesabu hiyo kwa muda mfupi zilikuwa zaidi ya shilingi 300,000, nazo zilihusishwa na dhahabu ya waasi wa Kongo. Maelezo yaliyotolewa kwa upande wa Amin yalikuwa kwamba fedha hizo zilikuwa za Wakongo, za kuwanunulia mahitaji yao. Sikusudii kuamua kesi ile. Nataka tuone kitu kimoja tu: fedha za shughuli za kijeshi zilipita katika hesabu ya mtu binafsi, bila daftari la umma lililoweza kusomwa. Ikiwa maelezo yale yalikuwa ya uongo, hapakuwa na daftari la kuyaumbua. Na ikiwa yalikuwa ya kweli, hapakuwa na daftari la kuyatetea. Katika majuma matatu mawaziri watano walikuwa wamekamatwa, na mwaka ule ule katiba ikapinduliwa. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi tungeweza kuongeza kwamba hata nchi hupotea.

Hapa msomaji ataniuliza: je, basi usahihi watosha? Karani akiandika kila senti na kila jina bila kosa, amekwisha kustahili heshima? Ningependa kujibu ndiyo, lakini babu yangu ananizuia.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR. Serikali ya kikoloni iliitumia West Nile kama kisima cha kuteka askari na vibarua, naye alitekwa kwa ndoo hiyo mpaka Burma. Alirudi na bushuti, na vikombe viwili vya bati, na kiinua mgongo alichokipokea mezani kwa saluti. Alikuwa akisema kwamba Wazungu walikuwa hodari wa hesabu: jina lake lilikuwapo, namba yake ilikuwapo, na fedha ilikuwa kamili kama ilivyoandikwa. Alifariki akiamini hivyo. Mwaka 2019 waandishi wa habari waliibua hati za wakati ule zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari wa makoloni ya Afrika kilipimwa kwa rangi, hata askari mweupe akapata mara tatu, au karibu na hapo, ya mweusi wa cheo kile kile kwa kila mwezi wa vita.

Nami siamini kwamba karani aliyeandika hesabu hizo alikuwa mwizi. Yawezekana alikuwa mtu mnyofu, mwenye mwandiko mzuri, na kila ukurasa wake ulikubali jumla yake. Daftari lake lilikuwa sahihi, na lilikuwa ovu. Lilisema kweli juu ya shilingi, likasema uongo juu ya watu; kwa maana liliandika kwamba mwezi wa babu yangu chini ya mvua ya Burma ulikuwa theluthi ya mwezi wa jirani yake. Kutoka kwake nimejifunza kwamba jumla kukubaliana si ushahidi wa haki. Karani aliyetakiwa kuheshimiwa wakati ule ni yule ambaye angeinua kichwa na kuuliza, "Afande, kwa nini safu hizi mbili?" Kama alikuwapo wa namna hiyo, hakuna aliyemwandikia waraka wa sifa.

Sasa naona ninaweza kulijibu swali langu. Hatumsifu mtunza hesabu za askari kwa kutokuiba, kama vile tusivyomsifu mwandishi kwa kutokukosea herufi. Twamheshimu kwa sababu amesema kweli juu ya watu katika mahali ambapo uongo ni rahisi, una faida, na hauna shahidi. Ujasiri wake ni wa namna ya pekee. Askari wa mstari wa mbele humkabili adui akiwa na wenzake kushoto na kulia. Karani humkabili mkubwa wake, peke yake, mezani, na silaha aliyo nayo ni kukataa kuandika. Hiyo si kazi ya kawaida, na anayeiita wajibu tu hajawahi kuambiwa na mwenye nyota begani, kwa sauti laini, "Mwache kwanza."

Lakini tumheshimu kwa namna gani, ili mgema asitie maji? Hapa nimepata msaada katika kazi yetu wenyewe. Kila mwalimu anajua kwamba heshima kubwa kuliko zote ampayo mwanafunzi si neno "Vizuri" lililoandikwa haraka chini ya ukurasa. Heshima kubwa ni kuisoma insha yake yote, neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi. Mwanafunzi ambaye daftari lake halisahihishwi amedharauliwa, hata kama amepewa kumi juu ya kumi. Basi heshima ya mtunza hesabu ni kusomwa. Nishani apewe akipewa, lakini nishani iliyotangulia ukaguzi ni maua yaliyowekwa juu ya kaburi lisilojulikana limezika nani. Taifa linalowaheshimu wahasibu wake wa jeshi hutuma wakaguzi wenye uhuru, huwapa Wabunge nafasi ya kuuliza, na humlinda karani aliyekataa kuandika uongo hata baada ya mkubwa wake kuhamishwa.

Najua jibu litakalotolewa: mambo ya jeshi ni siri. Kweli, yako mambo ya siri, na sheria ya fedha za umma ya Uganda ya mwaka 2015 imeyawekea matumizi ya siri ya ulinzi na usalama utaratibu wake. Mtu mwenye akili hatadai kwamba idadi ya vifaru itangazwe sokoni Arua. Lakini siri ina mpaka wake. Adui hafaidiki akijua kwamba mjane fulani amelipwa haki yake. Jina la marehemu si siri ya kijeshi. Mama yake analijua.

Kwa hiyo zile methali mbili hazigombani. Mgema anayeharibu tembo lake ni yule anayesifiwa kwa mbali, na watu wasiokuja kuonja. Ukimtunza kwa kuonja kila siku, hatakuwa na haja wala nafasi ya kutia maji. Naye anayecheza kwao hutunzwa kwa sababu kwao ni mahali ambapo watu huujua mchezo, nao watamwambia akikosea hatua.

Kabla sijafunga, nalazimika kugeuza kalamu kutuelekea sisi. Tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza Uganda mwaka 1997, ruzuku ya shule za serikali hufuata idadi ya wanafunzi. Nasi wenyewe twajua, ingawa twazungumza kwa kunong'ona, kwamba wako wanafunzi hewa. Mtoto amehama na wazazi wake kwenda Kongo, mtoto ameolewa, mtoto amekufa kwa malaria. Jina lake lingali katika daftari la mahudhurio, na mtu fulani amesema kwa sauti ya huruma, "Mwache kwanza." Mimi mwenyewe, katika shule moja nisiyopenda kuitaja, niliwahi kuweka alama ya kuhudhuria mbele ya jina la msichana ambaye nilijua hatarudi. Sikupata hata senti. Niliambiwa ni kwa faida ya shule. Hakuna aliyekwenda kumtafuta msichana yule, kwa sababu kwa karatasi zetu alikuwa darasani. Kabla ya kumwonyesha kidole kamanda wa brigedi, na tufungue madaftari yetu ya asubuhi.

Waraka wa mzee wa Koboko ulikuwa mfupi hatimaye. Haukuwa na neno "uaminifu" wala neno "kuiba." Ulisema kwamba katika miaka ya utumishi wake kila askari aliyekuwa hai alikuwamo katika orodha yake, na kila aliyekufa hakuwamo, na kwamba yeye aliwaandikia wajane. Wenzake walikuwa na wasiwasi kwamba maneno hayo ni machache mno kwa karamu yenye mbuzi wawili. Mzee mwenyewe aliomba jambo moja tu, kwamba baada ya waraka yasomwe majina ya wale aliowafuta. Aliyakumbuka kumi na tisa, kwa kichwa, na namba zao.

Nikayasoma mimi. Nilipofika katika jina la kumi na moja, mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chakula upande wa jikoni aliweka sufuria chini, akasimama wima mpaka nilipomaliza.